Makala ya Kumi

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini shingo yako imeacha kukuuma na kwamba wamekuletea kile kiti ulichoahidiwa tangu mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Bibi amepata miwani mpya, na sasa anasoma kila kitu kwa sauti, hadi maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Baba anasema tulikuwa na amani zaidi alipokuwa haoni. Mama amehamishiwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo chai ya asubuhi ni juu yangu, na kila siku nalaumiwa: jana maji matupu, leo dawa ya kikohozi.

Baba ananiuliza kwa nini nisikupigie simu badala ya kusubiri posta wiki mbili. Wewe unajua. Kwenye simu nakuwa kimya kama maji mtungini. Unasema haloo, nasema haloo, halafu tunasikilizana tukipumua mpaka Bibi aninyang'anye simu. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Sasa jambo lenyewe. Nimepewa Kapu la Mifupa!

Kuna watu, hatufiki thelathini, kila mmoja ana blogu yake ya visukuku: mifupa ya kale, majani yaliyogeuka mawe, nyayo kwenye miamba. Wengine walimu, mmoja anauza miwani, mmoja ni mpima ardhi mstaafu ambaye ndiye aliyelianzisha. Kila siku ya mwisho ya mwezi makala zao huwekwa mahali pamoja ili msomaji asihangaike kuzitafuta. Huo mkusanyo ndio Kapu. Mtu hulishika miezi mitatu, kisha humkabidhi mwingine. Mimi nina Machi, Aprili na Mei. Sheria ni moja tu: makala yoyote ya visukuku ikifika kabla ya tarehe ishirini na tano, inaingia. Mshika Kapu hachagui. Anaisoma, anaiandikia sentensi mbili za kuikaribisha, anaiweka.

Hawajui kwamba nina miaka kumi na sita. Natumia lile jina ulilonipa wewe, Konokono, na Mpima Ardhi huniita "mzee mwenzangu". Sijamsahihisha. Darasani mwalimu akiniuliza swali natazama viatu mpaka amchague mwingine, lakini humo ndani nawakaribisha watu wazima mlangoni kama mwenye nyumba. Nusu ya makala huja kwa lugha ya shuleni na mimi huziandikia sentensi mbili za Kiswahili. Ndipo nimegundua kuna vitu najua kuvijibia mtihani lakini sijawahi kuvisema nyumbani.

Ombi langu: niandikie makala kuhusu Taya, lile la mnyama wa kale lililo hapo makumbusho kwenu. Wewe ndiye uliyeliunganisha. Bado picha yako ile ya gazetini imetundikwa sebuleni, umelishika kama mtoto mchanga, na Bibi huwaonyesha wageni kabla hawajakaa.

Ni mimi,
Konokono wako


20 Februari

Konokono mwanangu,

Marahaba. Shingo ni ileile, kiti ni kilekile. Mwambie Mama, yaani bibi yako, afute miwani kwa kitambaa laini, asitumie upindo wa kanga. Mwambie mdogo wangu, yaani baba yako, kwamba chai ya dawa ya kikohozi inamfaa.

Hongera kwa Kapu. Nimelisoma kwenye kompyuta ya ofisini wakati wa chakula. Ninyi watu mna maneno! Mimi ni mtu wa gundi. Hapa chumbani kwangu kuna dirisha moja linalotazama ukuta, meza mbili na mabeseni ya mchanga. Mfupa uliopakwa gundi unausimamisha mchangani mpaka ukauke, na wewe unasimama pembeni usipumue. Pakiwa na ufa najaza plasta, na plasta naitia chai ya rangi iliyokolea ili ifanane na mfupa. Hiyo ni siri yangu. Hata mkuu wangu anadhani ni rangi ya dukani.

Kuhusu Taya sina la kuandika. Yaliyoandikwa yanatosha.

Nikuulize kitu: hiyo sheria yenu ya kutochagua, mnaifuata kweli? Hata makala ikija na jina la bandia? Hata ikimuudhi mtu?

Shangazi yako


30 Machi
(Hii sikuituma.)

Shangazi,

Shikamoo. Bibi hajambo, Baba hajambo, wote hawajambo, mimi ndiye siko sawa. Tangu tarehe ishirini na tatu sikai kitako. Natoka chumbani naenda jikoni, nafungua kabati, nalifunga, narudi. Mama kaniuliza kama nina minyoo.

Imekuja makala. Mwandishi anajiita Mchanga, hana blogu, ameituma moja kwa moja kwangu. Anasema Taya si taya. Anasema ni vipande vya wanyama wawili vilivyounganishwa kuwa kimoja, na ndiyo maana linaonekana refu kuliko mataya yote ya mnyama wa aina ile. Anasema tazama meno: magego ya nyuma yamesagika mpaka karibu na mfupa, ya mbele hayajaguguna chochote. Gego la mwisho huota mwisho. Haliwezi kuzeeka kabla ya wenzake. Halafu anasema vile vipande viwili havigusani popote. Katikati kuna plasta, upana wa ukucha wa kidole gumba, imetiwa chai.

Nilikwenda sebuleni nikapanda kiti nikatazama picha yako kwa kioo cha kukuzia. Shangazi, meno ni vile alivyosema.

Mtu huyu anakuchukia. Sijui ulimkosea nini. Anaandika kwa utulivu kama daktari, hakuna tusi hata moja, na hilo ndilo linalonitia baridi. Nikiiweka, kazi yako itaota mbawa na Bibi ataishusha ile picha. Nisipoiweka, mimi si mshika Kapu tena, ni mtu anayeficha vitu. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya mwezi.


31 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wote tuko salama. Bibi anasoma sasa lebo za dawa na kuzipinga. Kapu la kwanza limetoka leo, makala tisa, na Mpima Ardhi amesema sentensi zangu zina mwendo mzuri. Mvua imeanza.

Sina mengine.

Konokono


16 Aprili

Konokono,

Natumaini hamjambo wote, na mvua haijawarudishia ule uvujaji wa jikoni. Huku tumepokea watoto wa shule basi tatu kwa siku moja. Wote walitaka Taya. Mmoja aliuliza, "Huyu mnyama alikuwa anapiga mswaki?" Nikamjibu nusu yake tu. Wenzake wakavunjika mbavu. Mkuu wangu hakucheka.

Mwezi wa sita maabara itatoa nakala ishirini za plasta za Taya ziende mashuleni. Kalibu, lile umbo la kumiminia plasta, itaanza kutengenezwa tarehe kumi na tano. Nakala zikishatoka, watoto watajifunzia hizo kwa miaka thelathini.

Kapu la Machi nimelisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Nimehesabu tisa. Hakuna kilichodondoka njiani?

Barua yako ilikuwa fupi. Wewe huwa huandiki "sina mengine".

Shangazi


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Baba ameziba paa la jikoni, sasa linavuja sebuleni. Mama anakusalimu. Bibi anauliza kwa nini huji, nami nimemwambia una kazi nyingi, kwa hiyo hesabu hilo pia kwenye uongo wangu.

Maana nimedanganya watu. Ulipouliza kama kuna kilichodondoka niliisoma ile sentensi nikiwa nimesimama posta, nikakaa kwenye ngazi. Ndiyo. Zilikuwa kumi. Moja niliiweka pembeni, na nakuambatanishia barua niliyokuandikia kisha nikaificha ndani ya kamusi. Kila kitu kimo humo.

Kuna baya zaidi. Wiki iliyopita Mpima Ardhi aliniandikia: "Mzee mwenzangu, kuna mtu anaitwa Mchanga kaniuliza kama makala yake ilikufikia. Nimemwambia Kapu hili lina miaka saba na halijawahi kutoboka." Nikamjibu kwamba haikufika. Nilibonyeza kutuma haraka kabla mkono haujabadili nia. Naye akajibu, "Basi ni mtandao, pole." Pole! Tangu hapo nikiliona jina lake naona haya kama nimemwibia.

Kapu la Aprili limetoka bila hiyo makala. Limebaki la Mei, ndilo la mwisho kwangu. Naomba unijibu jambo moja, bila kuniambia habari za shingo: anachosema huyu Mchanga ni kweli au si kweli? Ukisema ni uongo nitamwandikia nimkatalie waziwazi, kwa hoja, na nitasimama upande wako hata wote wakinicheka. Ukisema ni kweli, sijui.

Na huyu mtu ni nani? Unamjua?

Konokono


15 Mei

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara tano. Salamu utanisamehe.

Ni kweli. Na Mchanga ni mimi.

Nilidhani utanijua kwa ile chai. Nilikuandikia Februari kwamba hakuna anayejua, kisha nikaiweka kwenye makala kama mtu anayegonga mlango kwa namna ile unayoifahamu. Sikufikiri kwamba mapenzi yatakuziba macho.

Miaka mitano iliyopita walikuja wageni wakubwa. Mkuu wangu alinipa vipande viwili vilivyookotwa kilima kimoja na kuniuliza, "Vinaingiana?" Nikasema karibu. Akasema, "Basi jaza hapo karibu." Lakini usimbebeshe yeye. Yeye aliuliza, mimi ndiye mwenye mikono. Niliona meno. Nilijua tangu siku ya kwanza, vikiwa bado vimesimama mchangani. Nilijiambia nitasema wageni wakiondoka. Wakaondoka, gazeti likaja, nikapigwa picha, Mama akanipigia simu analia kwa furaha. Tangu hapo kila mwaka nilisema mwakani.

Waliposema nakala ishirini, nilitafuta njia ya kulisema bila kulisema. Nikaona: likitoka nje, wataniuliza, nami kazi yangu itakuwa kuitikia ndiyo tu. Kapu halichagui, nikasema, basi hata mtoto wa mdogo wangu hataweza kunikinga.

Siku ya mwisho ya Machi nilikaa mbele ya kompyuta kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nikafungua. Tisa. Unajua nilihisi nini? Nilifurahi, Konokono. Nilikwenda kunywa chai, nikaagiza ya pili. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko plasta.

Sikuambii uiweke, wala sikuambii usiiweke. Kapu liko mikononi mwako hadi tarehe thelathini na moja.

Shangazi yako


31 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Naanza na salamu kwa sababu wewe uliziruka, na mimi nilikasirika mno hata nikaona lazima mmoja wetu abaki na adabu.

Nilikasirika, ndiyo. Barua yako ilifika tarehe ishirini na saba. Nimelia miezi miwili nikikulinda dhidi ya wewe mwenyewe! Na mwisho wa yote unaniambia Kapu liko mikononi mwangu. Wewe mtu mzima, mimi ndiye niamue? Nilizunguka ile meza ya jikoni mpaka Baba akasema, "We, unapima mtaro?"

Nikamwambia, "Baba, nipe simu. Nampigia shangazi."

Alinitazama kama nimemwomba gari. Bibi akavua miwani.

Yaliyofuata unayajua, lakini nayaandika kwa sababu nataka yawepo kwenye karatasi. Alipokea mtu wa mapokezi, nikataja chumba chako, wakakuita, nikasikia viatu vyako vinakuja. Ukasema haloo. Nikasema haloo. Tukapumua kama kawaida yetu.

"Konokono? Kuna msiba?"

"Hakuna. Naiweka. Ila siiweki kwa jina la Mchanga."

Nikasikia unavuta kiti.

"Ukiniandika wazi," ukasema, "sitakuwa na pa kurudi."

"Na mimi nitaandika kwamba niliificha. Sina pa kurudi vilevile."

"Unatetemeka, mwanangu. Nakusikia."

"Natetemeka. Jibu, shangazi, sauti inaniishia."

Ndipo uliposema, "Andika kazi yangu. Jina watalijua."

Hayo tu. Dakika tatu. Nilipoweka simu nilikaa sakafuni palepale, na Bibi akaniuliza shangazi amesema nini, nikamwambia atasoma mwenyewe.

Na amesoma. Kapu limetoka leo asubuhi. Nilifungua kompyuta sebuleni nikamwachia kiti. Shangazi, alisoma makala yako yote kwa sauti, neno kwa neno, meno, plasta, chai, kwa sauti ileile anayosomea pakiti ya sabuni, na Baba na Mama wamesimama nyuma yake. Kwenye chai alisita. Akasema, "Huyu tangu mdogo anatia chai kila kitu." Alipofika mwisho, Baba alikwenda ukutani akaishusha ile picha, taratibu, akaiweka kifudifudi juu ya kabati.

"Irudishe," Bibi akasema.

"Mama, si umesoma?"

"Nimesoma, sijapofuka. Nilimtundika mwanangu, sikutundika mfupa. Irudishe."

Imerudi. Imekaa upande kidogo.

Mpima Ardhi nilimwandikia kabla Kapu halijatoka, nikamwambia haikuwa mtandao, ilikuwa mimi, na kwamba mimi si mzee, nipo kidato cha tatu. Bado hajajibu. Kila dakika tano naenda kutazama. Huenda asijibu kabisa, na Kapu nisilishike tena maishani. Huenda na wewe leo umeitwa ofisini. Sijui, na kutokujua kunaniwasha mwili mzima.

Hizi ndizo sentensi zangu mbili. Nimezifuta na kuziandika upya mara nyingi kuliko wewe ulivyoanza ile barua yako:

"Makala hii imeandikwa na yule yule aliyeunganisha Taya, na ilipaswa kutoka Machi. Haikutoka kwa sababu yeye ni shangazi yangu, na mimi nilichagua."

Konokono


19 Juni

Konokono wangu,

Marahaba, na samahani kwa salamu ulizonidai. Mwambie Mama nimeisikia sauti yake huku bila simu. Mwambie baba yako aitengeneze hiyo picha, ikikaa upande nyigu watajenga nyuma.

Niliitwa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mkuu na watu wawili nisiowajua. Wakauliza, "Ni kweli?" Nikaitikia ndiyo, kama nilivyopanga, ila sauti haikutoka kwa urahisi nilioutegemea. Nimeandika barua ya kujieleza, kurasa nne. Bado hawajasema kama nitabaki. Mkuu hanisemeshi, anaacha vikaratasi mezani. Kalibu imesimamishwa, nakala hazitatoka.

Kikaratasi cha kwanza kilisema Taya nilitenganishe mwenyewe.

Inachukua siku tatu. Unalilaza kwenye beseni la asetoni, unafunika, unasubiri gundi ilegee. Huwezi kuharakisha. Nilikuwa nafunua, nafunika, nafunua, mpaka macho yakawasha. Siku ya tatu nilivuta kidogo tu, likaachia lenyewe bila mlio. Nimeviweka kwenye trei mbili. Huyu wa nyuma alikuwa mzee, ameishi sana, ametafuna mengi. Wa mbele alikuwa bado kijana, wa rika lako kwa hesabu zao. Kikiwa peke yake, kila kimoja ni kisukuku kizuri. Nilikuwa sijawahi kuviona hivyo.

Mpima Ardhi ameniandikia mimi, kwa sababu anasema kwako anatafuta maneno. Anauliza kama ni kweli upo kidato cha tatu. Nikamwambia kweli. Akajibu: "Basi amenizidi umri." Mpe muda.

Katikati ya vile vipande kilibaki kile cha plasta, upana wa ukucha. Kikaratasi cha pili kilisema kitupwe. Nimekifunga kwa pamba, kimo humu ndani ya bahasha. Fungua polepole, kinavunjika. Usihangaike kukinusa. Nimejaribu, harufu ya chai imeshaondoka.

Shangazi yako,
mtu wa gundi